Kitasa cha Upande wa Nje

Baba yangu alikuwa seremala, na majivuno yake yote yalikuwa kwenye milango. Ujanani alikuwa miongoni mwa mafundi serikali ilipojenga hospitali ya wagonjwa wa akili kule mlimani: jengo la kati lenye mnara, na mabawa mawili marefu, wanaume kushoto, wanawake kulia. Waliolichora waliamini kwamba hewa na mwanga hutuliza akili, basi madirisha yakawa makubwa, na nondo zake zikakunjwa umbo la maua ili zisionekane nondo. Maua gani hayo, mimi sijui.

Milango ya vyumba aliitengeneza Baba. Ilifungukia koridoni, mgonjwa asije akaizuia kwa kitanda, na mkono wa kitasa ulikuwa nje tu. Ndani ulikuwa ubao mtupu, uliopigwa randa ukang'aa. "Hata upepo ukitaka kupita hapa," alikuwa akitamba, "lazima upige hodi."

Kisha shangazi, dada yake wa pekee, akafiwa na mtoto. Akaacha kula, akaacha kulala, akawa anazunguka barabarani akimwita. Wakampeleka mlimani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Baba alipokwenda kumwona alimkuta anapapasa ule ubao laini.

"Kaka, mbona huku hakuna pa kushika?"

Tangu siku hiyo Baba hakutamba tena. Aliomba kazi ya ukarabati pale pale, na kila mganga mkuu mpya alipokuja alimwomba ruhusa ya kuweka mkono wa ndani. Wote walimjibu kwamba jengo la serikali halichezewi. Niliwakasirikia, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Ruhusa ilikuja Baba akiwa mzee, macho yamefifia. Mimi ndiye niliyemshikia bisibisi. Alianza na chumba cha shangazi. Akatoboa, akakaza skrubu, akatoka na kuufunga mlango, tukasimama koridoni.

"Haya dada, shika hapo. Fungua mwenyewe, utoke."

Tuliusikia mkono mpya ukiguswa, kisha ukaachwa. Halafu ubao ukagongwa taratibu kutoka ndani.

"Hodi," shangazi akasema.

Baba akaegemeza paji la uso kwenye mlango wake, akalia.

"Karibu, shangazi," nikaitikia mimi, nikamsogeza Baba kando, nikaufungua mlango.