Keki ya Unga wa Muhogo

Mama alituma salamu kwamba kesho yake angevuka kuja Utende, aone mjukuu, anywe chai, arudi Juani na mashua ya jioni. Nikakosa raha papo hapo. Tangu niolewe na mwalimu wa bara, mama hakuwahi kukanyaga kwangu. Mume wangu alisilimu, lakini mama alisema amesilimu mdomoni tu. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kwake, na kila safari nilimpelekea keki. Aliila yote, wala hakuuliza habari za aliyenunua sukari.

Sasa anakuja mwenyewe, na madukani hakuna unga wa ngano. Chombo cha mizigo hakijafika kutoka bara. Muuza duka akaniambia nisubiri. Mimi na kusubiri hatupatani. Nikachukua unga wa muhogo, nikaupima kama ninavyopima wa ngano, nikatia mayai, sukari na iliki, nikapalia makaa juu na chini. Kila nilipozunguka uani nilifunua sufuria kuchungulia. Juu ikaungua, ndani ikabaki inanata kama ugali wa muhogo, bada tupu. Nikawamwagia kuku. Wakaidonoa kidogo, wakaenda zao.

Asubuhi nikajaribu unga wa mchele, mkavu kutoka mashineni. Hiyo iliiva, lakini nilipoipindua ikavunjika yote ikawa makombo. Mume wangu akasema itafaa na chai. Nikamfokea. Akaondoka zake kwenda shuleni, na hilo likaniudhi zaidi.

Mama akanikuta bado nina masizi mikononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akambeba mtoto, akamtazama sana. Mtoto ana pua ya baba yake. Nikaona anaiona, nikageuka kukoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. Nikajieleza mbio mbio: ngano hakuna, muhogo umenata, mchele umemeguka, nisamehe, leo sina cha kukupa. Nilitaka kulia, nami nilikasirika kwamba nataka kulia.

Mama akachota makombo kwa vidole, akala. Akasema mchele hautaki kufanywa ngano. Ningeufanya mkate wa kumimina tu, kwa tui na hamira, kama alivyonifundisha. Kisha akamlaza mtoto, akauliza mchele uko wapi. Akaupepeta, akauosha, akaumwagia maji kwenye bakuli, akafunika.

Nilidhani amesahau. Mchele wa kumimina hulala majini hadi asubuhi ndipo usagwe, na mashua ya Juani ilikuwa inaondoka jioni ile. Nikamkumbusha, huku nikitafuta viatu vyangu nimsindikize pwani.

"Najua mashua inaondoka saa ngapi," akasema. Akavuta kibao cha mbuzi karibu yake, akakikagua meno. "Mumeo anapenda iliki nyingi, au kiasi?"

Nikamwambia nyingi. Kisha nikakaa chini, mara ya kwanza tangu jana.