Kijana Aliyeachwa Darajani

Mwanangu, kuna asubuhi moja kijijini kwetu Kianjokoma ambayo haijanitoka akilini. Nilikuwa nimetoka chuoni nikiwa na ukurasa mmoja mfukoni, ukurasa wa kwanza wa riwaya yangu. Nilikuwa nikiuandika upya tangu mvua hadi kiangazi.

Jirani yetu, Mzee Nyaga, ndiye aliyeandika vile vijitabu vya wapelelezi na majambazi vilivyouzwa stendi ya Embu. Katika ujana wake alivitoa kimoja baada ya kingine, hata mkewe akawa anachanganya majina ya vijitabu hivyo. Sisi wasomi tulivicheka, ingawa tulivisoma. Nilikwenda kumuuliza aliwezaje. Hakunionyesha meza wala kalamu. Alinipa kikapu, tukaingia kwenye shamba la majani chai.

Huko ndiko alikotungia. Huku akichuna, aliwasimulia wachunaji wenzake sura ya kesho. Mikono yao ikisimama wasikilize, sehemu hiyo ilibaki. Wakiendelea kuchuna, aliitupa. Akifika nyumbani, kazi iliyobaki ni kuandika tu.

Akaniambia nisome ukurasa wangu. Nikasoma: ukungu, mto, kijana amesimama darajani. Hakuna mkono uliosimama. Mwishowe Mama Wawira, aliyekuwa mstari wa pili, akauliza bila kuinua kichwa, "Na huyo kijana, alivuka?"

Nikasema sijaamua.

"Maskini, na baridi yote hiyo. Atashikwa na homa."

Walicheka sana. Mzee Nyaga peke yake hakucheka. Alinionyesha shamba la pili, ambalo mwenye shamba alikuwa amechelewa kulichuna. Majani yalikuwa yamekomaa, na kituo cha kununulia chai kisingeyapokea.

"Huyu alikuwa anangoja yapendeze zaidi," akasema. "Kesho tutakuwa kwenye mistari ya chini. Uje utuambie kama alivuka."

Nilikwenda. Kijana alivuka, tena vibaya, akapoteza kiatu, na Mama Wawira akataka kujua kiatu kilienda wapi. Hivyo ndivyo kitabu changu cha kwanza kilivyoisha, kwa maswali ya watu waliokuwa na vikapu vya kujaza.

Sasa umeniletea sura ile ile ya kwanza ya kitabu chako, umeing'arisha tena, na unasema unafikiria kuacha. Usiache. Tafuta mtu mmoja mwenye kazi zake, umsimulie, na kesho umrudie na kinachofuata hata kama kinachechemea. Utakirekebisha kitabu kikishaisha. Mungu akupe mkono usiochoka, mwanangu, na mtu wa kukuuliza kila asubuhi kama alivuka.