Mpiga picha asiyekuwemo kwenye picha zake

Saa mbili na nusu asubuhi. Ndani ya chumba chenye pazia jeupe na taa mbili, mama wa makamo ameketi wima kwenye stuli, mikono magotini, kama anayesubiri sindano.

"Usicheke, mama," mpiga picha anamwambia. "Mtandio usogeze nyuma kidogo. Masikio yote mawili yaonekane."

Anabonyeza. Anatazama, anafuta. Anabonyeza tena, anafuta tena. Picha zote mbili zina ukungu.

"Mwanangu, mbona mkono unakutetemeka?" mama anauliza. "Anayekwenda kuhojiwa ni mimi au wewe?"

"Wote wawili, mama. Mimi ni Alhamisi."

Leo ni Jumanne.

Mtaa mzima unamwita Usicheke, kwa sababu hilo ndilo neno analomwambia kila mteja. Ana miaka thelathini na sita, na kwa miaka kumi na mmoja sasa anaishi kwa picha ndogo za pasipoti na viza. Mwaka huu pekee amewapiga picha za viza watu zaidi ya mia tatu, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwa kosa la picha. Hilo hulisema kwa majigambo, na haki anayo.

Aliyerudishwa ni yeye.

Mkewe ni nesi. Miaka miwili na miezi minne iliyopita alipata kazi ng'ambo, akaondoka akiwa na ujauzito wa miezi mitatu. Walikubaliana mume angemfuata ndani ya nusu mwaka. Binti yao alizaliwa huko huko. Sasa ana mwaka mmoja na miezi kumi, na baba yake hajamshika hata kidole.

"Mama yake akimuuliza baba yuko wapi, mtoto anakimbia kuleta simu," anasema Usicheke. Anacheka kidogo, kisha kicheko kinamkatika. "Anadhani baba ndiyo hiyo simu."

Ombi lake la kwanza la viza ya mwenza alilipeleka mwaka jana. Ofisi ya viza ilitaka picha za kuthibitisha kwamba wawili hao ni mke na mume kweli. Mpiga picha atashindwa na picha? Alipeleka sitini na nne, ndani ya albamu yenye jalada gumu. Ofisa wa viza aliifungua mwanzo hadi mwisho.

"Akaniuliza, 'Huyu dada nimemwona. Wewe uko wapi?' Nikamjibu, 'Niko nyuma ya kamera.' Akaandika kitu, akafunga albamu. Pale pale nikajua nimekwisha."

Jamani, ndivyo ilivyo. Katika picha zaidi ya elfu nne alizompiga mkewe, yeye hayumo hata katika moja. Hata harusi yao aliipiga mwenyewe, bwana harusi na suti yake, kamera shingoni! Wapiga picha wenzake walijitolea kumsaidia, akawafukuza.

"Niliona watanikatia watu vichwa pichani. Nikawaambia kamera ni kama mswaki, haiazimwi." Anainamisha uso. "Kujifanya najua kumeniponza."

Barua ya kumkataa ilikuwa na onyo. Akikataliwa mara ya pili, hataruhusiwa kuomba tena mpaka ipite miaka mitano. Mtoto atakuwa anakaribia saba.

Tangu aitwe kuhojiwa kwa ombi lake la pili, hatulii. Kila asubuhi anajihoji mbele ya kioo cha wateja, na wiki iliyopita alikwama kwenye swali alilojitungia mwenyewe: mke wako hulala upande gani wa kitanda?

"Nilisahau! Siku mbili nzima najaribu kukumbuka, wapi. Niliona aibu hata kumuuliza mwenyewe. Wakiniuliza hilo je?"

Dada yake, anayeuza madaftari upande wa pili wa pazia, ndiye aliyeamua kuchukua hatua.

"Nikamwambia, mdogo wangu, acha kulialia. Harusini kulikuwa na watu mia mbili, na kila mtu alikuwa na simu," anasimulia.

Alizunguka wiki tatu, nyumba kwa nyumba. Alirudi na picha kumi na saba. Katika kumi na sita, Usicheke anaonekana mgongo tu, ameinama kazini.

Ya kumi na saba ilikuwa kwa shangazi wa bibi harusi. Humo bibi harusi anamlisha mumewe keki, na mume ameachama tu, maana mikono yote miwili imeshika kamera. Kamera yenyewe imeficha macho na pua.

"Uso haupo," Usicheke anasema, akiigeuzageuza. "Wakisema huyu ni mtu mwingine, nitabisha nini?"

"Sikio, wewe!" dada anapaza sauti kutoka ng'ambo ya pazia. "Sikio si lipo?"

Lipo. La kushoto, lenye ncha iliyonyofoka alipong'atwa na mbwa akiwa darasa la pili. Jana dada mtu alimketisha kwenye stuli, akashika kamera kwa mara ya kwanza maishani, akamwamuru asicheke na masikio yaonekane. Picha hiyo na ile ya keki sasa ziko ndani ya bahasha moja. Ndani ya saa moja niliyokaa naye, ameifungua mara tano.

"Naogopa, sikufichi," anasema. "Nitageuza shingo tu, ofisa alitazame mwenyewe."

Namuuliza, na akikubaliwa?

Anamrudia mama kwenye stuli, anabana viwiko mbavuni, anabonyeza. Safari hii picha imetulia. Ndipo anajibu, bila kuinua macho.

"Nikishuka kwenye ndege, mtu yeyote nitakayemkuta pale, nampa kamera yangu. Na atetemeke, na atukate vichwa, sijali. Mradi mimi na mke wangu na mwanangu tuwe humo ndani."