Kitabu Kinene cha Eliakimu

Siku ile sokoni Ujiji, muuza vitabu vya mtumba aliwatandikia vijana wawili mafundi vitabu viwili vya ufundi wa elektroniki juu ya turubai. Kimoja kilikuwa cha Kiingereza, kinene kama tofali. Cha pili kijitabu cha Kiswahili, kurasa arobaini, jalada limeliwa na mende.

Eliakimu, ambaye Kiingereza chake kiliishia darasa la saba alipoishia mwenyewe, alikimbilia kinene. "Hicho kingine cha watoto," alimwambia rafiki yake Erasto. Erasto akacheka, akachukua cha watoto.

Tuseme kweli, kinene kilimfaa kwa kuonekana. Alikiweka wazi mezani kwenye kibanda chake cha ufundi huko Rusimbi, wateja wakaanza kumwita Injinia, jina likamnogea. Alipokisoma kwa kamusi aliambulia nusu ukurasa, na kesho yake amesahau. Kuuliza je? Injinia amuulize nani?

Mwaka wa pili Meshack, mwenye mitumbwi ya dagaa, alimletea taa zake za kuvulia na betri mpya aziunganishe. "Mwezi unaisha, giza la kuvulia linaanza kesho, Injinia. Nakutegemea wewe."

Eliakimu alitafuta mchoro uliofanana na taa zile, akaunganisha alivyodhani. Zikaungua zote kwa pamoja. Mchagua nazi hupata koroma, husemwa. Huyu hata kuchagua hakuchagua, alipima unene tu.

Meshack hakufoka. Alikifunga kile kitabu taratibu, akabeba taa zake hadi kwa Erasto, ambaye alizifufua karibu zote.

Aibu ilimla Eliakimu siku tatu. Ya nne alijikaza, akaenda kwa Erasto, akaomba kukiona kijitabu. Kilikuwa kimevalishwa gazeti, pembeni kimejaa maandishi ya penseli. Ukurasa wa nne, kwa Kiswahili ambacho hata mama yake angekielewa, paliandikwa: pima nguvu ya betri kabla ya kuunganisha taa, ikizidi taa itaungua. Karibu miaka miwili, na jibu lilikuwa ukurasa wa nne.

"Niazime, ndugu yangu."

"Chukua tu, mimi nimekimaliza," alisema Erasto. "Ila uniletee kile chako. Siku hizi michoro yake naielewa."

Eliakimu alitazama chini. "Kile bado nakitumia," alijibu.

Kesho yake kinene kilikuwa mezani, kimefunguliwa palepale katikati. Mteja wa kwanza alipoita, "Habari za asubuhi, Injinia," Eliakimu alikikalia haraka kijitabu alichokuwa akisoma, akaitikia kuwa ni nzuri.