Nilimuumbua Baba Mdogo kwa Ajili ya Chapa ya Gitaa

Nimekosa, na ubaya wa kosa langu ni kwamba nililifanya nikicheka.

Jina sikupi. Jua tu niko kidato cha tatu, nakaa upande wa Nyamira ambako majani chai ni mengi kuliko watu, na shuleni wananiita Redio, kwa sababu hata ukinizima bado nanong'ona. Mwalimu akipiga chafya, mimi ndiye ninayemwombea afya kwa sauti ya mwalimu mkuu. Nilidhani hiyo ndiyo kazi Mungu aliyonituma duniani.

Niliyemkosea ni baba yangu mdogo. Kikwetu tunamwita tatamoke. Ni kitinda mimba wa sokoro, yaani babu, na amenizidi miaka saba tu. Tumelala kitanda kimoja, tumechapwa na fimbo moja, tumeiba ndizi za nyanya na kusingizia tumbili. Sasa mtu kama huyo utamwonaje baba? Mimi nilimwona beste. Kumbe!

Tatamoke anatengeneza simu na redio pale sokoni Daraja Mbili, kwenye kibanda kisichotosha watu wawili kama mmoja wao ameshiba. Lakini moyo wake uko kwenye gitaa la umeme. Ndiye aliyekuwa mpigaji wa kanisa letu. Ndiye aliyenifundisha kushika key ya G mpaka vidole vikaota sugu, bure, kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilimlipa kwa matusi ya utani.

Gitaa la kanisa lilikuwa la chapa inayoitwa Melodika. Tatamoke alikuwa akisema, "Hii si gitaa. Hii ni sufuria imefungwa nyuzi." Uzi wake wa tatu ulikuwa na mdudu: ukiubonyeza katikati ya shingo, unalia zzzz kama nzi aliyefungiwa chupani. Yeye alitaka Hartwell. Maze, huyo mtu na Hartwell! Angekueleza mbao zake, sumaku zilizo chini ya nyuzi, namna shingo yake inavyokaa kiganjani. Ungedhani anasimulia mchumba.

Kemunto, tunayesoma naye darasa moja na anayepiga besi kanisani, alikuwa akimwambia chapa ni kelele, muhimu ni gitaa lisikuvunje bega. Mimi nilisema chapa ni stika.

"Nibandikie Hartwell kwenye jembe," nilimwambia, "nikilima utalia machozi."

"Cheka tu," tatamoke akasema. "Mimi nifunge macho, changanya Hartwell na gitaa mia. Nikiisikia nitaitoa."

Hilo neno alilisema pia mbele ya wazee wa kanisa, na ndilo lililowafanya wachange. Hakuna hata mmoja aliyeijua Hartwell. Walimjua yeye. Mzee Bosire, ambaye akikohoa kanisa zima linakaa wima, alisema, "Sisi hatuna masikio ya haya mambo. Tunakopa yako, kijana."

Kina mama wakatoa pesa za majani chai, watu wa boda wakatoa, hata sokoro akatoa, na sokoro ni mtu ambaye akikununulia soda anabaki na kifuniko.

Kabla sijaendelea, kuna kitu kimoja lazima ukijue. Mwaka jana niliunguza amplifaya ya kanisa. Nilichomeka waya mahali pasipo pake nikijifanya injinia, moshi ukatoka, kwaya ikatoka mbio ikidhani ni moto wa Roho. Wazee waliniita wakaniambia: ukiharibu chombo kingine hapa, usikanyage tena upande wa vyombo. Aliyenitetea siku hiyo ni tatamoke. Aliitengeneza yeye mwenyewe, wiki nzima, akaacha kazi za wateja.

Sasa sikia nilivyomlipa.

Hartwell ilikuja Jumapili asubuhi kutoka Nairobi kwa gari la muumini mmoja. Ibada ya kuliombea gitaa ilikuwa siku hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyetumwa kulitoa garini na kulipeleka nyuma ya pazia la kwaya. Tatamoke alikuwa bado hajaligusa. Alikuwa amevaa shati jipya, amekaa safu ya mbele mikono ikiwa katikati ya magoti kama mtoto anayesubiri sindano.

Vijana tulikuwa tumepewa muda wa kuchangamsha watu, na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Mtu akinipa mimi kipaza sauti, bro, amejitakia.

Nikamvuta Kemunto nyuma ya pazia. Nikamwambia, "Tunamfunga macho tatamoke. Wewe piga Melodika. Halafu subiri kidogo, chakarisha kama unabadilisha gitaa, kisha piga Melodika tena."

Kemunto akanikazia macho. "Na Hartwell?"

"Ilale kwenye sanduku lake. Imechoka na safari."

"Wewe, hii si poa. Huyo ni baba yako."

"Baba gani? Huyu tulikuwa tunaoga naye mtoni!"

Akasonya, lakini akashika gitaa. Simlaumu. Nilimwambia kwamba tatamoke anajua ni mchezo. Ndiyo, nilimdanganya na yeye.

Nikatoka mbele. "Bwana asifiwe! Leo tuna mtu anayedai masikio yake yana digrii!" Kanisa likacheka. Nikamfunga tatamoke macho kwa skafu ya mama mmoja. Akawa anatabasamu. Alinong'ona, "Umeanza, wewe," lakini kwa upendo.

Kemunto akapiga kipande cha kwanza. Tatamoke akainua kidole: "Hiyo ni Melodika. Ile sufuria yetu." Watu wakapiga makofi.

Kemunto akachakarisha, akapiga kipande kile kile kwa gitaa lile lile.

Tatamoke akainamisha kichwa. Nilimwona uso ukibadilika chini ya ile skafu, tabasamu likaondoka. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikaanza kumhesabia kwenye kipaza sauti, "Moja! Mbili!" Mwishowe akasema, taratibu, "Hiyo ya pili ndiyo Hartwell."

Wueh! Nikavuta pazia.

"Kanisa! Ni Melodika! Mara zote mbili! Masikio yenye digrii yamepata E!"

Lile kanisa lililipuka. Watu walijipiga mapaja kwa kucheka. Mama mmoja alilazwa chini na wenzake wakimpepea. Na mimi pale mbele nikainama kama mwigizaji, kushoto, kulia.

Tatamoke alitoa skafu. Hakuniangalia. Alienda moja kwa moja nyuma ya pazia, akafungua sanduku la Hartwell, akaligeuza lile gitaa, akapitisha mkono shingoni na mgongoni, akaangalia mahali waya unapoingia. Kisha akashusha pumzi ndefu. Mimi nikasema kwenye kipaza sauti, "Anatafuta kisingizio!" Kicheko kikaanza upya.

Halafu Mzee Bosire akasimama, na kicheko kikafa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo haya ndiyo masikio tuliyoyakopa? Tungebaki na sufuria yetu basi, kama hata mwenyewe haoni tofauti."

Hakuna aliyecheka tena. Kina mama wa majani chai walikuwa wanatazamana. Tatamoke alifunga lile sanduku, vifungo vyote viwili, akamwambia mzee, "Mnisamehe," akatoka kwa mlango wa pembeni. Gitaa aliloliota tangu nikiwa darasa la nne, hakulipiga hata uzi mmoja.

Jioni nilienda kwa sokoro nikijua huko nitapata mtu wa kucheka naye. Mimi na sokoro tunataniana vibaya. Namwambia meno yake yamestaafu bila pensheni, ananiambia nina sura ya mtu atakayelipiwa mahari na wazazi wa msichana ili aende zake. Lakini siku hiyo hakunitania. Akanionyesha kigoda nikae.

"Unajua chinsoni?" akaniuliza.

Nilijua neno tu. Ni ile heshima yenye haya ndani yake, ya mtoto na baba. Kuna mambo ya baba yako huyaangalii, na ukiyaona, huyasemi.

"Mimi ni sokoro yako. Mimi na wewe hakuna chinsoni. Hata ukinitangazia kifo nikiwa hai nitacheka na wewe. Lakini yule ni baba yako."

"Sokoro, ana miaka ishirini na nne!"

"Angekuwa na miaka miwili, ananyonya, ni baba yako. Umemvua nguo mbele ya watu, halafu ukawaita waje kuona."

Nililia. Eh, Redio alilia, andika hiyo.

Nilikaa siku nne bila kulala vizuri. Siku ya tano nilitoroka michezo ya jioni shuleni nikaenda Daraja Mbili. Tatamoke alikuwa ameinamia redio ya mtu. Nilisimama pale nje katikati ya mafungu ya ndizi, nikashindwa na utani wote ninaoujua. Nikasema tu, "Tata, nisamehe." Sikuwahi kumwita hivyo maishani. Tata, yaani baba.

Alizima kile chuma cha kuchomea waya. Akasema, "Unadhani sikuijua Melodika?"

Nikaegemea mlango wa kibanda.

"Yule nzi wa uzi wa tatu nimeishi naye miaka saba. Alivyolia mara ya pili nikajua hakuna Hartwell inayopigwa hapo. Nikajiuliza, iko wapi? Aliyeitoa garini ni wewe. Nikasema, amekwisha. Ameiangusha, au ameiunguza kama ile amplifaya, sasa anaficha kwa mchezo. Na wazee wamekaa hapo. Nikisema zote ni Melodika, watauliza Hartwell iko wapi."

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ndiyo nikasema ya pili ndiyo. Nikajua ibada ikiisha nitaichukua nije nayo hapa, niitengeneze kabla mtu hajajua. Nilikuficha."

Wewe unayesoma, piga hesabu mwenyewe. Mtu alikuwa amefungwa macho mbele ya watu wote, na kwa zile sekunde nilizokuwa namhesabia moja, mbili, alikuwa anafikiria namna ya kunisitiri. Kisha mimi nikavuta pazia!

"Rudi kanisani, tata. Waambie," nikamwambia.

"Niwaambie nini? Nikisema nilijua, nimekiri nilidanganya kanisa. Watauliza kwa nini. Nikitaja sababu, nimekuvua wewe. Nikinyamaza, mimi ni yule asiyejua gitaa. Acha nibaki na hiyo. Hiyo ni nyepesi."

Nilirudi nyumbani nimeamua. Jumapili iliyofuata niliomba nafasi wakati wa matangazo. Nilisimama pale pale mbele, nikasema yote. Kwamba mchezo ulikuwa wangu. Kwamba tatamoke aliijua Melodika kwa nzi wa uzi wa tatu. Kwamba alidhani nimeharibu Hartwell akaamua kunificha.

Niliposema "nzi," mtu mmoja wa nyuma alicheka. Niliposema "alidhani nimeiunguza kama amplifaya," kwaya nzima ikacheka. Nikapaza sauti, "Nasema ukweli jameni!" na sauti yangu ikakatika kwa kilio, wakadhani naigiza kilio cha mhubiri fulani niliyezoea kumwigiza. Walipiga makofi! Kemunto peke yake ndiye aliyekuwa amejishika uso. Alisimama akasema, "Ni kweli, mimi ndiye nilikuwa napiga," nao wakamcheka na yeye, wakidhani tumepanga. Mzee Bosire alifuta machozi ya kicheko akasema, "Huyu mtoto Mungu amempa kipaji. Lakini baba yako mdogo usimtanie zaidi ya hapo, inatosha."

Inatosha! Wueh!

Sasa sikiliza lililo baya kabisa. Kwa kuwa tatamoke hakurudi, na Kemunto ana besi yake, wazee wamenipa mimi Hartwell. Mimi! Ndiyo hiyo nashika kila Jumapili. Na tatamoke alikuwa sahihi kwa kila alilosema. Shingo inakaa kiganjani kama imekusubiri. Uzi wa tatu ukiubonyeza unaimba mpaka mwisho, haubabaiki, hauna mdudu. Hata mbuzi akiishika angeona tofauti. Sasa mtu aliyeijua kiasi kile angewezaje kuikosea? Ukiipiga mara moja tu unajua alikuwa anasema uongo, na uongo wenyewe ulikuwa kwa ajili ya nani. Lakini kanisani hakuna mwingine anayeishika, kwa hiyo hakuna anayejua isipokuwa mimi.

Najua key nne. Zilizobaki hakuna wa kunifundisha. Watu wanaitikia tu, wananiambia nimeiva.

Nilimpelekea Hartwell Daraja Mbili wiki jana, sanduku mgongoni, nikasema labda akiishika. Alikuwa na mteja. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za shule, akaniuliza kama nimekula. Lile sanduku hakuliangalia. Nilipokuwa naondoka akasema, "Nimesikia ulisimama ukawachekesha tena."

"Sikuwa nawachekesha, tata."

"Najua," akasema, akawasha chuma chake, akainamia simu ya mtu.

Wenzangu mnaopenda kuchekesha watu, mnaosukumwa mbele kila mara kwa sababu mnajua kuigiza mwalimu na pasta, nawasihi. Kabla hujamfanya mtu kichekesho, hakikisha hajakubeba mgongoni wakati huo. Na usiwazoeze watu kukucheka kila unapofungua mdomo. Kuna siku utakuwa na neno moja tu la kweli, la kumwokoa mtu wako, na watalipigia makofi.