Shingo ya Bwana Harusi

Mjini Netrokona ulikuwa hujanyolewa mpaka Nibaran Shil akualishe shingo, yaani aisokote mpaka ilie. Kunyoa kila kinyozi ananyoa, lakini shingo! Akishakupangusa povu na kukusugua shabu mashavuni, anakushika kidevu kwa mkono mmoja na utosi kwa mwingine, anakuyumbisha taratibu kama anayembembeleza mtoto, anakuuliza mkweo hajambo, na kabla hujajibu, kah! Upande huu. Kah! Upande wa pili. Wauza samaki wa ng'ambo ya njia walikuwa wanaisikia na kucheka. Watu wazima wenye heshima zao walinyanyuka pale kitini wamelegea, macho yamewatoka, wanasema wamezaliwa upya.

Baba yake alikuwa kinyozi, na babu yake pia, na wote walialisha. Yeye ndiye aliyenyoa nywele za kwanza za nusu ya watoto wa mtaa ule, na mmojawapo alikuwa Subal, mwana wa mjane Shefali mwenye duka la vitamu vya maziwa mlango wa pili. Nibaran hakuwa na mtoto wa kiume. Subal alimwita mjomba tangu alipojua kusema, na hakuna wembe mwingine uliowahi kumgusa. Kijana alikuwa na mkono wa kulia wenye baraka: sandesh, vile vitamu vya maziwa, alizozifinya yeye, zenye umbo la samaki na la kombe la baharini, watu walizionea huruma kuzitafuna.

Basi siku ya harusi ya Subal, Nibaran aliamka na furaha kama vile anaoa yeye. Kwa Wahindu wa kule harusi bila kinyozi si harusi: ndiye anayemnyoa bwana harusi asubuhi, na ndiye anayesimama jioni kupiga kelele za kuwafukuza wenye kijicho.

"Kaa vizuri, bwana mkubwa," alimwambia Subal. "Leo nakunyoa mpaka nzi ateleze."

"Mjomba, haraka, njaa inaniuma."

"Njaa? Hata saa nne haijafika! Utafunga mpaka jioni, na ukizimia huyo mchumba wako Bithika nitamwoa mimi hapa."

Watu wakacheka. Shefali, aliyekuwa mlangoni na sinia la manjano, akasema, "Mwalishe vizuri mwanangu. Kazi ya leo ni ya kusimama."

Nibaran akamwalisha. Upande wa kulia ulitoa sauti. Wa kushoto ukagoma. Akaona haya mbele za watu, maana kwake shingo kugoma ilikuwa aibu, tena siku kama hiyo. Akajipanga upya, akavuta pumzi, akasokota kwa nguvu zaidi. Kah! Mtaa mzima ukashangilia. Subal alikunja uso, akashika chini ya sikio la kushoto, kisha naye akacheka.

Mchana akaanza kulalamika kwamba shingo inamchoma upande ule na kichwa kinagonga nyuma ya jicho. Njaa, wakasema. Alipopakwa manjano, shangazi zake waliona kope ya kushoto imeshuka. "Tazameni, ameanza kukonyeza kabla hajamwona mke!" Wakamtania mpaka wakachoka. Nibaran naye aliiona ile kope, akaingia kwenye mzaha kama wenzake: "Jicho moja linatosha, la pili mwachie mama mkwe." Hakuna aliyewaza lingine. Mtu aliyefunga tangu alfajiri anaumwa kichwa, anapepesuka, anaongea ovyo. Kila bwana harusi wa kule amekuwa hivyo, na baba yake kabla yake. Dawa yake ilijulikana: ndoa ifungwe upesi, ale.

Na saa yenyewe ilikuwa ya jua kuzama. Mnajimu ameipanga, nayo haimsubiri mtu. Ikipita bila ndoa kufungwa, msichana ana nuksi, na nani atamchukua tena? Kwa hiyo Subal alipoteremka garini kwa kina Bithika akiburuta mguu wa kulia, mzee Rasomoy, baba yake Bithika, alimshika kwapani. "Jikaze, baba. Kidogo tu." Alipoulizwa jina la ukoo wake akajibu kitu kisichoeleweka, mtu akasema, "Masikini, njaa!" Wakamsimamisha. Wakamvika taji refu jeupe. Wanaume wawili walisimama nyuma yake wakimshikilia kama nguzo ya turubai, na Nibaran alikuwa mmoja wao. Alihisi kijana anavyomwelemea upande mmoja. Moyo ukamwambia kuna kitu. Akaunyamazisha, kwa sababu zamu yake ilikuwa imefika.

"Mwenye kijicho na akodoe!" akapaza sauti. "Macho yavimbe kama mabilinganya!"

Vigelegele vikapaa. Makombe ya baharini yakapulizwa kama baragumu. Bithika akabebwa juu ya kibao, uso ameufunika kwa majani ya tambuu, akazungushwa mara saba, akasimamishwa mbele ya mumewe. Sasa ilikuwa ile nafasi ambayo bibi harusi anashusha majani na wawili hao wanatazamana. Anatakiwa aone haya. Anatakiwa ainamishe macho.

Bithika alishusha majani, akatazama, akapiga ukelele.

"Uso wake! Jamani, uso wake una nini?"

Wote walikuwa nyuma ya Subal au ubavuni mwake. Ni Bithika tu aliyekuwa anamtazama usoni. Mdomo ulikuwa umeporomoka upande mmoja, udende unatiririka kwenye shada la maua. Subal alijaribu kusema, ikatoka sauti ya mnyama. Kisha mkono wa kulia ukaanguka, ule mkono, na mwili mzima ukaufuata. Nibaran alimdaka. Taji likabingirika kwenye vumbi na mtu akalikanyaga.

Mnajua wazee walichofanya? Walianza kunong'ona kwamba atafutwe bwana harusi mwingine miongoni mwa wageni, saa isije ikapita! Kijana amelala chini, na wao wanatazama jua. Bithika akawasikia. "Nileteeni gari!" akawafokea, baba yake akiwemo. "Gari, siyo mume! Anayetaka kunioa leo aje nimtemee mate!" Wakatahayari. Gari likaletwa.

Kwenye hospitali ya mji mkubwa, daktari mmoja aitwaye Tahmina aliangalia picha za kichwa na shingo, akarudi haraka mpaka walipokuwa wamesimama.

"Ni kiharusi," akasema.

"Kiharusi?" Shefali akashangaa. "Mwanangu ana miaka ishirini na sita!"

"Mama, kuna mishipa ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo. Wa kushoto umechanika kwa ndani. Palipochanika damu imeganda, na donge limepanda kichwani. Ameanguka? Amegongwa na kitu? Amepigwa shingoni?"

"Hata! Nani ampige? Ni siku ya harusi yake. Amekaa nyumbani, amepakwa manjano, amenyolewa..."

Kalamu ya daktari ikasimama. "Amenyolewa. Na shingo akaalishwa?"

"Bila shaka," akasema Shefali, na hata ndani ya machozi alikuwa na fahari. "Tena kwa mikono ya mjomba wake huyu hapa. Hakuna kama yeye mji mzima. Upande mmoja uligoma, akarudia mpaka ukakubali."

Daktari akamtazama Nibaran, na haukuwa mtazamo wa hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Mara nyingi hakitokei kitu," akasema taratibu. "Lakini kikitokea, ndicho hiki. Na kope ikishashuka, mtu ni wa kukimbizwa hospitali hapohapo."

Shefali aligeuka polepole. Akaitazama mikono ya Nibaran, mmoja, kisha wa pili. Nibaran aliificha nyuma kama mwizi. Alitaka kusema baba alialisha, babu alialisha, mimi nimealisha maelfu. Lakini likamjia wazo: wale maelfu, walioondoka kitini wakicheka, wakaumwa kichwa usiku, watu wakasema ni joto, ni umri, ni Mungu, aliwajua wote walikoishia?

Subal hakufa. Maneno yalirudi, yakiburuta miguu kama yeye mwenyewe. Mkono wa kulia ulibaki umekunjika kifuani, na sandesh zikawa zinafinywa na mama yake, bila umbo. Bithika alikuja kila juma kumnyoosha vidole, nuksi au si nuksi, na masika yalipokaribia ikapangwa siku nyingine ya harusi. Muda wote huo Shefali alipita mbele ya banda la Nibaran bila kugeuza uso.

Nibaran alikuwa ameacha kualisha. Wateja walinung'unika, wakamwita mzembe, wakahamia kwa wengine. Asubuhi ya harusi hakutokea nyumbani kwa kina Subal; aliogopa. Ni Subal aliyemfuata bandani, mama yake akimshika mkono, akakaa kitini, akafumba macho.

"Ni-nyoe, mjomba."

Akamnyoa. Alikwenda polepole, hakumkata. Akapangusa povu, akasugua shabu, akaweka kitambaa begani. Halafu akainua macho kwenye kioo.

Mikono yake ilikuwa imeshika kidevu na utosi.

Hakuituma. Ilikwenda yenyewe, kama ilivyokwenda miaka yote. Kiooni Subal alikuwa amefumbua macho, yametoka pima, na hakuthubutu hata kumeza mate.

"Ba-si," akasema. "Mjomba. Basi."

Nibaran akaiachia ile shingo kama aliyeshika moto. Akatoka nje amenyoosha mikono mbele, mbali na mwili, akaketi kizingitini, akalia kwa sauti mbele ya wauza samaki wote.

Shefali akamfuata mpaka mlangoni. Kisha akamwambia neno la kwanza tangu siku ile.

"Ingia umalize. Nyuma ya sikio bado kuna povu." Akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa na kiti cha mwanawe. "Nipo hapa. Nitaishika hiyo mikono mimi."