Uyoga Huulizwa Mzizi

Juzi nilisimama dukani Ukunda nikiwa nimeshika kisahani cha uyoga mweupe uliofungwa kwa nailoni. Nikakigeuza juu chini, nikakinusa kwenye kitundu, na kijana wa duka akanikodolea macho kana kwamba nataka kuiba. Nilikuwa natafuta mzizi. Haukuwako, ulikatwa kwa kisu. Lakini ile harufu ya udongo uliolowa ilikuwako, na papo hapo nikajiona nimerudi kwetu, bara kidogo ya Msambweni, nina miaka tisa na kichwa kigumu ajabu.

Ulikuwa mwaka wa bendera mpya. Shuleni tuliimbishwa uhuru kutwa, nami nikaamini uhuru wenyewe ni wangu binafsi. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi. Njia ya pwani ilikatika, samaki hawakuletwa, muhogo ulikuwa unaozea ardhini. Mama alikuwa chumbani na mtoto mchanga, arobaini yake haijafika hata nusu. Mzazi asipokula, maziwa hukauka. Hilo hata mimi nililijua, maana yule mtoto alikuwa akilia kutwa kucha. Ndani mlikuwa na unga kidogo na nazi mbili, kitoweo hakuna.

Mjuzi wa uyoga alikuwa Bibi, mama yake baba. Mvua ikianuka alishika njia ya vichuguu na kijiti chake kilichochongwa ncha, nami nyuma na pakacha. Hakuvunja wala hakung'oa. Alichokoa udongo polepole mpaka mzizi wote utoke, mrefu, unaoingia ndani kabisa ya kichuguu, ndipo autie kwenye pakacha. Alizoea kusema, "Uyoga hauulizwi kichwa, mke mwenzangu, huulizwa mzizi." Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Mimi niliona anapoteza wakati. Vichwa nilivijua: vyeupe, vina ncha ndogo katikati. Kuna nini tena?

Siku hiyo goti lilimvimba Bibi akashindwa kutoka. Nikaapa mama atakula, na atakula kwa mkono wangu. Nikatoroka peke yangu hadi kwenye kichuguu kikubwa. Lo, uyoga ulikuwa umetanda kutoka kichuguuni mpaka majanini! Nikavunja kwa vidole, chapuchapu, nikapangusa tope, na pakacha likajaa kabla jua halijapanda. Nilirudi nyumbani naimba.

Bibi akauchungulia, akageuza mmoja, akageuza wa pili. Kisha akajikongoja mpaka jaani, akaumwaga wote na kuufukia kwa jivu.

"Hukuja na mizizi," akaniambia. "Huu siujui."

Nililia, na kilio kilikuwa cha hasira. Nikamwambia, Mungu anisamehe, kuwa ana choyo, na kwamba mama akifa njaa ni juu yake. Hakunipiga. Alinipa kile kijiti tu.

"Nenda kachimbe pale ulipovunja."

Nilikwenda, tena mbio, ili nimwaibishe. Kila kishina nilichokiacha nikakichimbua. Cha kwanza kina mzizi mrefu. Cha pili, vilevile. Nilipofika cha kumi nilikuwa nacheka peke yangu, na maneno ya kumwambia Bibi nimeshayapanga. Nikahamia ukingoni, penye majani. Hapo kijiti kiliingia mara moja tu na kishina kikatoka kizima, kifupi, kimevimba chini kama kitunguu, wala hakikushikamana na kichuguu. Kando yake kingine. Kisha cha tatu.

Nilikaa chini kwenye tope. Kwenye pakacha ule uyoga wote, mzuri na wa sumu, ulikuwa sawa machoni pangu, na chungu ambacho ungepikwa kingepakuliwa kwanza kwa mama.

Nikaviweka mbele ya Bibi.

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Kanawe mikono, mpaka viwikoni."

Jioni ile mama alikunywa uji wa nazi. Kesho yake Bibi alichechemea nami mpaka kichuguuni, akakaa juu ya gogo, na mimi nikachimba kila mmoja kwa mzizi wake. Mama alikula akasaza.

Kwa miaka mingi niliamini Bibi aliumwaga uyoga ule kwa kuwa hakuweza kuutambua. Ni mama, naye akiwa mzee, aliyenicheka. Bibi yako, akasema, aliujua kila uyoga kwa jicho tu. Angeweza kuchagua ule mbaya na kupika uliobaki. Na siku ile alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake, uji wote alinipa mimi mzazi. Mama mwenyewe alisikia pakacha likimwagwa, akamlaani mkwewe kimoyomoyo.

Angenichagulia, kesho yake ningevunja tena kwa vidole. Na siku moja Bibi asingekuwapo. Kwa hiyo alilala na njaa, akijua kitoweo kizuri kiko jaani, hatua chache tu kutoka mlangoni pake.

Kile kisahani nilikirudisha. Kijana akaniuliza kina kasoro gani.

"Huu siujui, mwanangu," nikamwambia.